Vijiti kumi na vitatu

Januari 2016, mwezi ambao sera ya elimu bila malipo ilianza kutekelezwa katika shule za serikali nchini Tanzania, nilipangiwa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi wilayani Magu, mkoani Mwanza. Nilikuwa nimefundisha Hisabati darasa la tano na la sita kwa miaka minane, nikaona nimepunguziwa mzigo. Siku ya kwanza nilihesabu watoto 112 katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 45, wengi wao wakiwa wamekaa sakafuni, na bado nilijifariji kwamba angalau kazi yenyewe ni nyepesi: kuhesabu, kuandika namba, kujumlisha na kutoa, na ikifika katikati ya mwaka, namba za kumi na moja hadi kumi na tisa pamoja na thamani ya kila tarakimu.

Kuhusu namba hizo sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa kuwa niliamini Kiswahili kimeshamaliza nusu ya kazi. Mtoto anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hukutana na eleven na twelve, maneno ambayo hayasikiki kumi ndani yake, kisha hukutana na thirteen, inayotaja tatu kwanza na kumi baadaye, na inayokaribiana mno na thirty masikioni mwa mgeni. Kiarabu nacho hutanguliza kidogo kabla ya kikubwa, na ndiyo sababu wazee wa pwani wanaohesabu edashara, thenashara, arobatashara (yaani 11, 12, 14) huiacha kumi mwishoni mwa neno. Sisi tunasema kumi na tatu, na tunaandika 1 kisha 3, kwa mpangilio uleule wa ulimi. Ilionekana hakuna pa kukosea.

Katika imla ya kwanza ya namba niliwasomea kumi na moja, kumi na tatu, kumi na tano na kumi na tisa. Jioni nilipofungua madaftari nilikuta 101, 103, 105 na 109. Hawakuwa watoto watatu au wanne, bali daftari baada ya daftari, na miongoni mwao walikuwamo wale niliowahesabu kuwa wepesi kuliko wenzao. Nilitia alama za kosa kwa kalamu nyekundu hadi nikachoka, na leo bado naziona aibu alama zile, kwa sababu watoto wale walikuwa wameandika kile hasa walichokisikia. Walisikia kumi, wakaandika 10; wakasikia tatu, wakaandika 3. Uwazi wa lugha niliokuwa nikijivunia ndio uliowapeleka pale.

Dawa niliyoitoa kesho yake ni ile iliyomo katika maandalio ya somo ya walimu wengi. Nilichora jedwali ubaoni lenye safu mbili, Makumi upande wa kushoto na Mamoja upande wa kulia, nikaandika 1 huku na 3 kule, na darasa likaitikia kwa sauti moja. Kumi na tatu ina makumi mangapi? Moja! Ina mamoja mangapi? Matatu! Ndani ya siku nne 103 ikawa karibu imetoweka madaftarini. Mwalimu wa taaluma alipopita dirishani alisimama, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaridhika naye.

Aliyenitoa katika usingizi huo ni binti mmoja aliyekuwa akikaa mbele kabisa, karibu na mlango, ambaye hakuwahi kukosa katika kuitikia. Siku hiyo nilikuwa na maharage kwenye bakuli, nikamwambia ahesabu kumi na sita, akayahesabu vizuri na kuyapanga sakafuni. Kisha akaandika 16 kwenye daftari lake bila shida. Nikaweka kidole juu ya 6, nikamwomba anionyeshe maharage ya tarakimu ile, akatenga sita. Nikahamisha kidole hadi kwenye 1. Akatenga harage moja. Palibaki maharage tisa ambayo hayakuwa ya mtu. Nikamuuliza, na haya je? Akayatazama, akanitazama, akasema kwa utulivu kabisa, “Haya yamebaki tu, mwalimu.”

Niliwauliza wengine ishirini siku hiyo na iliyofuata, na wengi wao walitenga harage moja. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba mtafiti Constance Kamii, aliyepata kufanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget kule Geneva, aliwauliza watoto wa Marekani swali kama hilo kwa namba hiyohiyo ya 16, na wengi wao walionyesha kitu kimoja. Ningalijua mapema nisingalijiona mwalimu mbaya kiasi kile, ingawa nadhani kujiona hivyo kwa majuma mawili kulinisaidia.

Nilichokielewa ni kwamba kwa mtoto wa miaka sita au saba kumi si kitu. Ni neno linalokuja baada ya tisa katika wimbo wa kuhesabu. Kumi na tatu nayo ni neno linalokuja baada ya kumi na mbili, na maharage kumi na matatu ni harage moja na jingine na jingine mpaka pumzi iishe. Sisi watu wazima tumesahau kabisa ugumu uliopo hapo, kwamba mtoto anadaiwa auone mkusanyiko uleule kuwa vitu kumi na wakati huohuo kuwa kitu kimoja, tena kitu kimoja kinachoandikwa kwa alama ileile ya 1 anayoijua tangu chekechea kuwa ni kidole kimoja. Jedwali langu lilimpa mahali pa kuandika alama, lakini halikumpa kumi yenyewe.

Niliachana na jedwali. Nikawaagiza kila mmoja aje na vijiti ishirini vya mabua ya mtama, vya urefu wa kiganja, na mimi nikaomba kwa fundi baiskeli wa sokoni matyubu yaliyochakaa, nikayakata kwa mkasi kuwa vipira vyembamba vya kufungia. Vijiti ishirini kwa watoto 112 ni vijiti 2,240 ndani ya chumba kimoja, na mtu ambaye hajawahi kuwa katika chumba hicho asinihubirie juu ya zana za kufundishia. Siku mbili za kwanza zilikuwa vita vya mikuki.

Hapo tena nilikosea, na kosa hili nimeliona kwa walimu wengi wenye nia njema. Ili kuokoa muda, usiku nilikaa nyumbani na kufunga mafungu sitini mimi mwenyewe, kila fungu vijiti kumi barabara, na asubuhi nikayagawa. Nikaweka mezani fungu moja na vijiti vitatu, nikauliza ni vijiti vingapi. Darasa likajibu, vinne. Lilikuwa jibu la haki. Nilikuwa nimewaletea kitu kinene kimoja na vitu vyembamba vitatu, na hesabu yake ni vinne. Fungu ambalo mtoto hakulifunga kwa mikono yake lilikuwa kwake gogo tu.

Nikayafungua yote mbele yao. Kuanzia siku hiyo kila mtoto alihesabu vijiti vyake, akafika kumi, akafunga, kisha akavihesabu vilivyobaki nje. Wengine walifunga tisa, wengine kumi na moja, na makosa hayo yaligeuka kuwa sehemu bora ya somo, kwa sababu jirani alipewa haki ya kufungua fungu la mwenzake na kulikagua. Ikatokea sheria ambayo sikuitunga mimi: fungu la tisa si fungu. Nilisikia wakiitumia hata uwanjani katika mchezo wa timu, mmoja alipokosekana.

Jambo lililonijaribu subira ni kwamba walikuwa wakifungua mafungu yao kila mara. Ukimwambia mtoto atwae fungu lake aliloliandaa jana na kuongeza vijiti vinne, alilifungua kwanza, akahesabu moja hadi kumi, akalifunga, ndipo akaendelea: kumi na kimoja, kumi na viwili. Nilitamani kuwakataza ili twende mbele. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiishi jirani na shule, ambaye sote tulimwita Bibi Mwalimu, aliniambia niwaache, maana anayefungua hajaamini bado, na imani haiamrishwi. Walifungua kwa takriban majuma matatu. Kisha, bila mtu kutangaza, mikono ikaacha kufungua. Wakawa wanaligusa fungu kwa kidole, wanasema “kumi”, na kuendelea kutoka hapo. Kama ningetakiwa kutaja siku moja ambayo thamani ya tarakimu iliingia darasani mwangu, ningetaja siku hiyo, nayo haikuwa na andalio la somo.

Vijiti vilinifundisha pia jambo kuhusu Kiswahili ambalo nilikuwa nalitamka maisha yangu yote bila kulisikia. Katika imla nilikuwa nasema kumi na tatu, namba kavu. Wakati wa kazi ya vijiti tulilazimika kusema vijiti kumi na vitatu. Ukisikiliza vizuri, upatanisho wa ngeli haugusi kumi. Unakwenda kukaa kwenye ile namba ndogo ya mwisho: vijiti kumi na vitatu, machungwa kumi na matatu, watoto kumi na watatu. Kumi imesimama peke yake kama fungu lililokazwa, na vile vitatu vilivyo nje bado ni vijiti. Nikaanza kuzisoma namba zote kwa majina ya vitu, na kwa makusudi nikatua kidogo kabla ya “na”. Tangu nilipofanya hivyo, 103 haikurudi tena hata katika imla kavu, ila kwa watoto wachache waliokuwa watoro.

Mvulana mmoja mwenye masikio makali aliuliza, “Mwalimu, mbona kumi haina vi?” Nikamjibu bila kuwaza sana kwamba kumi imeshafungwa, haiwezi kubadilika. Jibu likapendwa. Kesho yake tukafika vijiti kumi na sita, naye akanyoosha mkono, “Sita nayo imefungwa?” Ikabidi nieleze, kwa kadiri mtoto anavyoweza kuelezwa, kwamba sita, saba na tisa ni wageni waliotoka katika Kiarabu na hawakuvaa sare yetu. Alikubali, lakini nadhani aliniwekea alama ya shaka moyoni mwake, na alikuwa na haki.

Si kila zana ilifaa. Vizibo vya soda, ambavyo walimu wengi huvisifu, nilivipenda kwa kuhesabia lakini havifungiki. Unapaswa kuvitoboa na kuvitunga kwenye waya kumi kumi, na vidole vya mtoto wa miaka sita haviwezi kazi hiyo bila damu. Trei la mayai lilinifaa zaidi ya nilivyotarajia. Lina mashimo 30, safu sita za mashimo matano, na ukilikata mara mbili kwa kisu unapata vipande vitatu vyenye mashimo kumi kila kimoja. Mtoto akijaza kipande kimoja kwa kokoto na kubakiwa na nne mkononi, anaona kwa macho kwamba kipande kimejaa na nne zimekosa makao. Fedha, ambayo ingekuwa zana ya kwanza mahali pengine, kwetu haisaidii sana katika namba hizi. Mwalimu wa Kenya anaweza kutumia sarafu ya shilingi kumi na zile za shilingi moja, kwa kuwa mtoto wake huziona. Mtoto wa Magu anajua mia, mia mbili na mia tano, na shilingi kumi haijapata kumnunulia kitu.

Vijiti vilipokwisha kuzoeleka ndipo nilipoirudia karatasi. Nilikata kadi kutoka kwenye maboksi: kadi pana iliyoandikwa 10, na kadi nyembamba za 1 hadi 9, ambazo upana wake ulitosha kuifunika ile sifuri tu. Ukiiweka 3 juu ya sifuri, unapata 13. Ukiinua 3, kumi nzima iko palepale chini yake. Ni jambo dogo, lakini lilinizuia kusema maneno niliyoyasikia vyumba vya jirani, kwamba “tunafuta sifuri”. Sifuri haifutwi. Imefunikwa na kitu kilichokuja kukaa mahali pake, na mtoto aliyefundishwa kuifuta nimekuja kumkuta darasa la nne akifuta sifuri mahali ambapo haikupaswa kuguswa.

Mwezi wa Septemba nilifanya kosa jingine, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Mvulana mmoja mkimya alisimama mbele kuhesabu vijiti kwa sauti. Alikwenda vizuri, kumi na nane, kumi na tisa, kisha akasema kwa uhakika, “kumi na kumi.” Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, nikasema kwa sauti ya kusahihisha, “Ishirini!” Akarudia, “ishirini,” akaenda kukaa, na hakunyoosha mkono tena wiki ile.

Usiku ule ndipo lilipoingia akilini kwamba katika chumba kile ni yeye peke yake aliyekuwa akifikiri. Wengine walisema ishirini kwa sababu wimbo unasema hivyo. Neno ishirini, nalo limetoka katika Kiarabu, halimwambii mtoto wa Kiswahili chochote kuhusu kumi, na ni hivyo kwa thelathini, arobaini na ndugu zao wote. Uwazi niliojivunia unakatika ghafla baada ya kumi na tisa. Yule mtoto alifika kwenye ukingo huo bila daraja, akajijengea la kwake.

Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya darasa. Nikamwita aje na vijiti vyake, akafunga fungu la kwanza, akafunga la pili, akayashika mikono miwili. Nikauliza darasa bibi zao nyumbani huitaje idadi ile kwa Kisukuma. Ikaja sauti ya watu zaidi ya sabini: makumi abili! Tulicheka tena, safari hii kicheko cha namna nyingine. Jirani zetu wa Uganda husema amakumi abiri, na Wanyarwanda makumyabiri. Hata Kiswahili chenyewe kina neno mwongo, ambalo leo tunalitumia kwa miaka kumi, lakini wakulima na mabaharia wa pwani walilitumia kwa siku kumi kumi walizozihesabu tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa jadi wa Waswahili. Tukakubaliana kwamba namba ile ina majina mawili: makumi mawili ni jina lake la kazini, ishirini ni jina lake la dukani. Kwa mwaka uliobaki, kila nilipouliza, niliyataka yote mawili. Baadaye nilipohamia Pangani, mkoani Tanga, sikuwa tena na Kisukuma cha kunisaidia, lakini majina mawili niliyabeba. Huko nilikutana na tatizo jipya la namna yake, watoto walioonyeshwa saa ya ukutani na kuulizwa kumi na moja iko wapi, wakaelekeza kidole kwenye 5, na katika saa zetu za Kiswahili hawakuwa wamekosea.

Nirudi Magu, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Nilikuwa na udadisi wangu mwenyewe. Niliandika ubaoni 103, ile namba niliyoikata kwa kalamu nyekundu, nikauliza kama ni vijiti kumi na vitatu. Wakakataa kwa kelele. Nikauliza, basi ni vingapi, tufanye vijiti vyake. Mia haikuwa somo la siku hiyo, lakini neno walilijua, tena walilijua kuliko kumi kwa sababu ya dukani. Walianza kuleta mafungu mbele, wakayahesabu moja moja, kumi, makumi mawili, makumi matatu, mpaka yakafika kumi, na mmoja wao akasema kwamba na haya pia yafungwe, kwani ni kumi. Vipira vyangu havikufika. Nikafungua mkanda wangu, tukayafunga mafungu kumi kwa mkanda, na pembeni tukaweka vijiti vitatu.

Yule binti wa maharage alikuwa amesimama karibu zaidi na ubao. Nilimpa chaki, nikamwambia aonyeshe kila tarakimu iko wapi sakafuni. Alielekeza 1 kwenye lile fungu kubwa, na 3 kwenye vile vijiti vitatu. Kisha nikaweka kidole juu ya 0, nikamuuliza, na hii je? Alitazama sakafuni pembeni mwa mkanda kwa muda mrefu, akitafuta.

“Hii ni mafungu, mwalimu,” akasema. “Lakini hakuna. Yote yameingia humu.”